Mtaka cha Uvunguni: Gari Lenye Uvungu Mfupi na Njia ya Langoni Yenye Mteremko Mkali

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mtaka cha uvunguni sharti ainame. Methali hii tumeifunza tangu shule ya msingi, nasi tumeifafanua katika mitihani mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu ambao wamewahi kuinama kwa hakika na kuutazama uvungu. Mimi niliinama mwezi wa Aprili mwaka wa 2023, tena matopeni, mvua ya masika ikininyeshea mgongoni, ili niangalie ni kitu gani kilichokuwa kimelishika gari la mjomba wangu kwenye ukingo wa njia inayoteremka kuelekea nyumbani kwake.

Makala haya yanadhamiria kueleza jambo ambalo huwatatiza wengi wanaomiliki au kuazima magari madogo: kwa nini gari hupita mahali fulani leo, na kesho likwame papo hapo. Aidha, makala yanakusudia kuonyesha kuwa jambo hili la kiufundi linaweza kuelezwa kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwanza nitasimulia kisa chenyewe, kisha nitajadili istilahi, hesabu zinazohusika, mbinu za dereva, na hatimaye namna ya kuirekebisha njia yenyewe.

Kisa Chenyewe

Yeyote aujuaye upande wa magharibi wa jiji la Nairobi anafahamu kwamba ardhi yake si tambarare. Mito kama vile Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo na mto wenyewe wa Nairobi imeikata nchi ile ikaacha migongo na mabonde. Barabara nyingi hufuata migongo, nazo nyumba hujengwa kwenye miteremko inayoshuka kuelekea mitoni. Kutokana na hali hiyo, si ajabu mtu kutoka barabarani, akapita langoni, na papo hapo akajikuta anateremka kwa kasi kuelekea uani. Hivyo ndivyo ilivyo nyumbani kwa mjomba.

Siku hiyo tulikuwa tunamrudisha nyanya kutoka hospitalini baada ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Hakuweza kutembea. Tulikuwa watano garini: mimi niliyekuwa nikiendesha, nyanya kando yangu, mjomba, mkewe na binamu yangu wakiwa nyuma, na buti limejaa mizigo. Gari lenyewe ni saluni ya Toyota Corolla, kuukuu kidogo lakini iliyotunzwa vizuri. Nilipolivusha lango na magurudumu ya mbele kuanza kuteremka, tulisikia mkwaruzo mkali chini ya miguu yetu. Kisha gari likasimama. Nilipokanyaga mafuta, injini ilinguruma tu. Gari lilikuwa limelalia tumbo kwenye ukingo wa saruji.

Ilitubidi kumbeba nyanya kwa kiti hadi ndani, mvuani, majirani wakisaidia. Hakulalamika, ila kila tulipokosa hatua aliushika mkono wangu kwa nguvu. Baada ya abiria wote kushuka, gari liliinuka lenyewe kidogo, likapita. Jioni hiyo mjomba aliniambia maneno mawili matatu ambayo sitayanukuu hapa. Kwa muhtasari, alisema kuwa yeye ameipita njia hiyo kwa miaka sita na gari hilohilo bila kuguswa popote. Basi kosa halikuwa la njia wala la gari bali la dereva.

Sikuwa na jibu. Niliamini kwamba sikukosea, ila sikuwa na maneno ya kujitetea. Mwanafunzi wa fasihi ambaye angeweza kuzungumzia vina na mizani kwa saa nzima alishindwa kueleza jinsi chombo cha magurudumu manne kinavyoketi kwenye ukingo. Kesho yake fundi alikuja, akalala chini ya gari, akatoka na kusema: "Mwalimu, gari limekaa mgongo. Mlikuwa wangapi?" Kwa swali hilo moja alikuwa ameshalitambua tatizo.

Istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane kuhusu maneno. Uvungu, kama tujuavyo, ni nafasi iliyo chini ya kitanda au kitu kingine kilichoinuliwa. Sioni sababu ya kutafuta neno jingine kwa nafasi iliyo chini ya gari. Kimo cha uvungu, basi, ni umbali wa kwenda juu kutoka ardhini hadi kwenye kitu kilicho chini zaidi katika sehemu ya chini ya gari. Kitu hicho chaweza kuwa bomba la moshi, sampu inayohifadhi oili ya injini, au chuma cha fremu. Katika saluni nyingi ndogo kimo hiki huwa karibu na sentimita 15.

Masafa ya ekseli ni umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Kwa Corolla ya miaka ile masafa hayo ni milimita 2,600, yaani sentimita 260. Sehemu ya gari iliyo mbele ya magurudumu ya mbele tutaiita pua, na ile iliyo nyuma ya magurudumu ya nyuma tutaiita mkia.

Ama kuhusu njia yenyewe, wengine huenda wakapendekeza neno kiingilio, lakini neno hilo tayari lina maana ya ada inayolipwa mtu aingiapo mahali. Nimechagua kuiita njia ya langoni. Mahali ambapo barabara tambarare hukatika na mteremko kuanza nitapaita ukingo, na mahali mteremko unapokutana na ua nitapaita kitako.

Pembe Tatu

Uwezo wa gari kupita mahali penye mwinuko au mteremko hutawaliwa na pembe tatu. Ya kwanza ni pembe ya kuingilia. Hii huonyesha mwinuko ambao pua ya gari inaweza kuukabili bila bampa kugonga ardhi. Ya pili ni pembe ya kutokea, ambayo ni sawa na hiyo ila inahusu mkia. Ya tatu ni pembe ya ukingo, inayohusu sehemu iliyo katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma wakati gari linapokwea au kushuka ukingo.

Pembe mbili za kwanza huhusika zaidi kwenye kitako. Pembe ya tatu huhusika kwenye ukingo. Watu wengi hutazama bampa tu kwa sababu ndiyo inayoonekana. Bampa ikikwaruzwa, hasara mara nyingi ni ya rangi na plastiki. Uvungu ukigongwa, hasara ni kubwa zaidi. Sampu ikipasuka, oili humwagika, na injini inayoendeshwa bila oili huharibika baada ya muda mfupi. Bomba la moshi likichanika kabla ya kufika nyuma, moshi waweza kuingia ndani ya gari. Moshi huo una gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huua. Katika kisa chetu, fundi aligundua kuwa kiungo cha bomba la moshi kilikuwa kimeachana chini kabisa ya kiti alichokalia nyanya. Laiti tungeendelea kuliendesha gari vile, madirisha yakiwa yamefungwa kwa sababu ya baridi, mambo yangeweza kuwa mengine.

Hesabu ya Ukingo

Sasa tulijibu swali la mjomba: kwa nini gari lilipita kwa miaka sita na siku hiyo likakwama?

Fundi alichukua ubao wenye urefu wa mita moja, akauweka kwenye ukingo ukielekea chini, akausawazisha kwa pimamaji, kisha akapima kwa futi umbali kutoka ncha ya ubao hadi kwenye saruji. Alipata sentimita 20. Hii ina maana kwamba kwa kila mita moja ya kwenda mbele, njia hushuka sentimita 20. Huo ni mteremko wa 1 kwa 5, sawa na takriban digrii 11.

Ili kujua kimo cha uvungu kinachohitajika kupita ukingo wa namna hiyo, ipo kanuni rahisi: zidisha masafa ya ekseli kwa kiasi cha mteremko, kisha gawanya kwa nne. Sababu yake ni kwamba wakati mgumu zaidi ni pale ambapo ukingo uko katikati kabisa ya gari. Hapo magurudumu ya mbele yako kwenye mteremko na ya nyuma kwenye tambarare, na kila upande wa gari unachukua nusu ya pembe yote. Nusu ya masafa mara nusu ya mteremko hutupa robo. Kanuni hii ni ya kukadiria, lakini kwa miteremko ya kawaida haikosei sana.

Kwa njia ya mjomba, sentimita 260 mara 0.2 ni 52. Ukigawanya kwa nne unapata 13. Gari linahitaji uvungu usiopungua sentimita 13. Fundi alipima uvungu wa gari likiwa tupu, akapata sentimita 15. Ziada ni sentimita mbili. Kisha, baada ya bomba kutengenezwa, aliniomba niwakusanye watu wa uzito wetu wa siku ile na mizigo iwekwe mahali pake. Binamu zangu waliingia wakicheka. Alipima tena, akapata sentimita 12, kwa maana springi za gari hilo zilikuwa zimechoka. Palipungua sentimita moja.

Sentimita moja ndiyo iliyotuweka mvuani. Mjomba, ambaye aghalabu huendesha gari akiwa peke yake, hakuwahi kuuona upungufu huo, na hakuwa mwongo aliposema kuwa amepita kwa miaka sita. Nami sikuwa mwongo niliposema kwamba sikuenda kwa kasi. Hata hivyo, hesabu hizi hazikuniondolea lawama yote. Nyanya hakuweza kushuka, lakini sisi wengine tuliweza. Laiti ningewaomba mjomba, mkewe na binamu washuke langoni na wachukue mizigo, gari lingeinuka na kumfikisha nyanya mlangoni. Sikuwaomba kwa kuwa niliona haya kuwanyeshea wakubwa wangu.

Hesabu ya Kitako

Kwenye kitako hesabu ni nyepesi zaidi. Chukua urefu wa pua kutoka mahali gurudumu la mbele linapogusa ardhi, uzidishe kwa kiasi cha mteremko. Tuseme pua ina urefu wa sentimita 85. Kwa mteremko wa 1 kwa 5, bampa inahitaji kuwa juu kwa sentimita 17. Kama ukingo wa chini wa bampa uko sentimita 20 kutoka ardhini, gari litapita.

Lakini dereva anayeteremka huwa amekanyaga breki. Breki ikikanyagwa kwa nguvu, uzito wa gari huenda mbele, springi za mbele hubanwa na pua huinama. Ikiinama kwa sentimita nne tu, bampa huwa kwenye sentimita 16 na hukwaruza. Ndiposa madereva wazoefu hupunguza mwendo mapema, wakawa wanatambaa kabla ya kufika kitakoni, kisha huilegeza breki kidogo wakati pua inapopita ili iinuke.

Mbinu za Dereva

Kutokana na maelezo haya, tunaweza kutaja mbinu kadhaa ambazo hazigharimu chochote.

Kwanza, punguza uzito. Abiria wanaoweza kutembea washuke kabla ya ukingo. Pili, nenda polepole sana. Kasi hulifanya gari liruke na kudidimia, na uvungu uliokuwa ukitosha hautoshi tena. Tatu, hakikisha magurudumu yana upepo wa kutosha, kwani gurudumu lililolegea hushusha gari zima.

Nne, kama njia ni pana, pita mshazari. Gari linapoukata ukingo kwa pembe badala ya kuukabili moja kwa moja, mteremko kwa mkabala wa urefu wa gari hupungua. Ukigeuka kwa digrii 30, mteremko wa 1 kwa 5 hupungua hadi takriban 0.17, na uvungu unaohitajika hushuka kutoka sentimita 13 hadi zaidi kidogo ya 11. Siku ile ingetosha. Hata hivyo, mbinu hii ina mipaka yake. Gari hulala upande, gurudumu moja laweza kuning'inia, na penye kuta pande zote mbili haiwezekani kabisa.

Tano, fikiria ni upande upi utangulie. Saluni nyingi ndogo huendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Zinapokwea mlima zikielekea mbele, uzito hurudi nyuma na magurudumu yanayovuta hupoteza mshiko, hasa penye mvua na kuvu. Zikikwea kinyumenyume, uzito hulalia magurudumu yanayovuta na mshiko huongezeka. Hata hivyo, kutoka langoni kinyumenyume hadi barabarani ni hatari, kwa kuwa dereva haoni vizuri. Lazima mtu asimame barabarani amwongoze. Isitoshe, watoto wadogo waliosimama nyuma ya gari hawaonekani kwenye vioo. Kabla ya kurudi nyuma, dereva na azunguke gari lake kwa miguu na ajue kila mtoto wa nyumba hiyo yuko wapi.

Sita, ukiegesha kwenye mteremko, vuta breki ya mkono kikamilifu kabla ya kuiachia breki ya mguu. Kwa gari la gia za mkono, liache kwenye gia. Kwa lile linalojibadilishia gia, weka kwenye P baada ya breki ya mkono kushika. Elekeza magurudumu ya mbele upande ambao gari likiteleza litagonga kingo au ukuta, si nyumba wala watu. Jiwe au kabari chini ya gurudumu haina aibu.

Kuirekebisha Njia

Mbinu za dereva ni za kujikimu tu. Dawa ya kudumu ni kuirekebisha njia. Watu wengi wakishakwaruza gari hukimbilia kulipandisha kwa kuongeza vipande juu ya springi. Hilo huongeza kimo cha uvungu, lakini pia huinua uzito wa gari na kubadilisha namna linavyokata kona. Wengine humwaga zege kwenye mtaro ulio mbele ya lango ili kupata mahali laini pa kupitia. Zege hilo huziba mtaro, na mvua inapokuja maji huingia kwa jirani. Kama mtaro ni lazima uvukwe, pawekwe karavati lenye upana wa kutosha kupitisha maji.

Njia iliyo bora ni kuugawa mpindo. Badala ya tambarare kukatika ghafla na kuwa mteremko wa 1 kwa 5, pawepo kipande cha katikati chenye mteremko wa 1 kwa 10. Kwenye kila mpindo badiliko sasa ni 0.1 badala ya 0.2. Kwa kanuni yetu, 260 mara 0.1 gawanya kwa nne ni sentimita 6.5. Gari lenye uvungu wa sentimita 12 hupita bila wasiwasi. Sharti moja ni kwamba kipande hicho kiwe kirefu kuliko masafa ya ekseli, la sivyo gari litaikalia mipindo yote miwili kwa wakati mmoja na faida itapotea. Mita tatu zinatosha kwa saluni ya kawaida. Kitako nacho kirekebishwe vivyo hivyo.

Mjomba aliajiri waashi wawili mwezi wa Juni mwaka huohuo. Walivunja saruji ya ukingo na kuimwaga upya kwa kipimo hicho, wakaichora mistari ili magurudumu yapate mshiko wakati wa mvua. Kazi ilichukua siku nne, pamoja na muda wa saruji kukauka kabla ya gari kuruhusiwa juu yake. Tangu wakati huo nyanya amepelekwa kliniki na kurudishwa mara kadhaa, gari likiwa limejaa, na hatujasikia mkwaruzo tena.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa gari hukwama ukingoni kwa sababu ya uhusiano kati ya kimo cha uvungu, masafa ya ekseli na kiasi cha mteremko, na kwamba mzigo waweza kuubadilisha uhusiano huo kwa sentimita chache zinazotosha kuleta balaa. Yamependekeza pia istilahi ambazo nyingi ni maneno tuliyonayo tayari: uvungu, pua, mkia, ukingo, kitako. Wasomi wenzangu wana uhuru wa kuyakosoa au kuleta yaliyo bora.

Ningependa kumaliza kwa yale aliyonijibu mjomba. Nilipomweleza hesabu hii mezani, kwa Kiswahili na kwa vijiti vya kiberiti nilivyovipanga juu ya kitambaa, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tumepungukiwa na sentimita moja tu." Hakusema kwamba alinikosea, wala sikutaraji aseme, kwa maana yeye ni mjomba. Lakini asubuhi iliyofuata alinipa ufunguo wa gari na kuniambia nimpeleke nyanya kutolewa nyuzi, na tulipofika ukingoni alikuwa wa kwanza kufungua mlango na kushuka.